Unanunua Pete ya Almasi? Soma Herufi Zake Kabla Hujaweka PIN

Msimu wa Desemba tunaujua. Watu wanarudi ushago, ruracio zinapangwa, kila Jumamosi kuna harusi, na mahali fulani kuna kijana ambaye amekuwa akiweka pesa kidogo kidogo kwa simu tangu Januari ili anunue pete ya uchumba. Siku ikifika anaingia dukani. Kisanduku kinafunguliwa, taa zinamulika, jiwe linametameta. Muuzaji anamwambia, "Hii ni nusu karati, rangi G, usafi VS1." Kijana anatikisa kichwa kama anayeelewa. Anaweka PIN. Simu inalia: malipo yamethibitishwa.

Huo ujumbe wa mwisho ni wetu, na leo wacha tuuseme ukweli wake. Unathibitisha umemlipa nani, umelipa kiasi gani, na saa ngapi. Hauthibitishi umenunua nini. Kama jiwe lililo kwenye kisanduku si VS1, si G, au hata si almasi, sisi hatuna njia ya kujua. Na ukitupigia kesho ukiomba turudishe muamala, tutakuambia kile ambacho hakuna mtu hupenda kusikia: pesa zilifika kwa mtu uliyetaka zimfikie, kwa kiasi ulichoandika mwenyewe. Huduma ya kurudisha muamala iliwekwa kwa ajili ya nambari iliyokosewa. Ubora wa bidhaa ni jambo kati yako na muuzaji.

Kwa hivyo kinga yako iko kabla ya PIN. Habari njema ni kwamba almasi ina lugha yake ya kupimwa, na lugha hiyo inaweza kujifunzwa kwa dakika chache. Taasisi ya Marekani inayoitwa GIA, iliyoanzishwa mwaka wa 1931, ndiyo iliyoeneza vipimo vinne vinavyotumika leo karibu dunia nzima: uzito, rangi, usafi na mkato. Tuvipitie kimoja kimoja.

Karati: huu ni uzito

Karati moja ya almasi ni gramu 0.2. Yaani gramu moja ina karati 5. Karati moja nayo hugawanywa kwa pointi 100, kwa hivyo ukisikia "pointi hamsini" jua ni nusu karati. Inaonekana rahisi, lakini hapa ndipo wengi huteleza, tena kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kuchanganya karati ya jiwe na karati ya dhahabu. Kwa Kiswahili neno ni moja, lakini mambo ni mawili. Karati ya dhahabu hupima usafi wa dhahabu yenyewe: karati 24 ni dhahabu tupu, karati 18 ni asilimia 75 na hugongwa muhuri wa 750, na karati 9 hugongwa 375. Muuzaji akikuambia "hii pete ni karati 18", bado hajakuambia lolote kuhusu jiwe.

Ya pili ni jumla ya karati. Tuseme pete ina jiwe la katikati la pointi 40, na pembeni vijiwe 20 vya pointi 3 kila kimoja. Jumla ni pointi 100, na lebo itaandikwa karati 1. Si uongo. Lakini almasi kubwa ni adimu kuliko ndogo, kwa hivyo jiwe moja la karati 1 huuzwa bei ya juu sana kuliko rundo la vijiwe vinavyofikisha uzito huohuo. Swali la kuuliza ni hili: "Jiwe la katikati peke yake lina karati ngapi?"

Ya tatu ni kudhani uzito ukipungua nusu, jiwe pia litaonekana nusu. Almasi ya mviringo ya karati 1, ikiwa imekatwa vizuri, ina upana wa karibu milimita 6.5. Ya nusu karati ina karibu milimita 5.1. Kwenye kidole tofauti ni ndogo kuliko unavyofikiri. Na kwa sababu bei hupanda ghafla jiwe likigusa nambari kamili kama 0.50 au 1.00, almasi ya 0.95 inaweza kukuokolea pesa nzuri ilhali upana wake umepungua milimita 0.1 tu. Hakuna shangazi atakayeiona hiyo tofauti akiwa upande ule mwingine wa meza.

Rangi: kuanzia D hadi Z

Kwa almasi za kawaida, kadiri zinavyokosa rangi ndivyo zinavyopanda bei. Kipimo kinaanzia D, ambayo haina rangi kabisa, hadi Z, ambayo umanjano au ukahawia wake unaonekana wazi. Kwani A, B na C zilienda wapi? Zamani kila mfanyabiashara alikuwa na mtindo wake wa herufi hizo, wengine wakiandika hata AA na AAA. GIA ilipotengeneza kipimo chake iliamua kuanzia D ili kusiwe na mkanganyiko na ile mitindo ya zamani. Kwa hivyo mtu akikuuzia "almasi daraja la AAA", jua hiyo si herufi ya kipimo hiki. Ni tangazo.

D, E na F ni zile zisizo na rangi. G hadi J ziko karibu sana na kutokuwa na rangi, na jicho la kawaida hupata shida kuzitofautisha na F jiwe likishawekwa kwenye pete. Kuanzia K umanjano huanza kuonekana. Kama umechagua dhahabu ya manjano, ile rangi ya dhahabu yenyewe huficha umanjano mdogo wa jiwe, kwa hivyo kulipia D hapo ni kulipia kitu ambacho hutakiona.

Ushauri wetu mdogo: taa za duka la vito huchaguliwa ili kila kitu kimetemete. Omba utoke na jiwe hadi karibu na dirisha, uliangalie kwenye mwanga wa mchana usio wa jua kali. Muuzaji mwaminifu atakusindikiza bila noma.

Usafi: alama za ndani ya jiwe

Almasi asilia iliundwa ardhini chini sana, kwa joto na shinikizo kubwa, na nyingi zimebeba alama za safari hiyo: vidoa, nyufa ndogo, mawingu. Mpimaji huzitafuta kwa lenzi inayokuza mara 10. Madaraja ni 11. Juu kabisa kuna FL, isiyo na alama ya ndani wala ya juu, halafu IF. Zinafuata VVS1 na VVS2, ambazo hata mpimaji huhangaika kuona alama zake. Kisha VS1 na VS2, kisha SI1 na SI2, na mwisho I1, I2 na I3, ambazo alama zake mara nyingi huonekana kwa macho matupu na wakati mwingine hudhoofisha jiwe.

Neno la kukumbuka ni "safi kwa macho". Almasi nyingi za VS2, na baadhi ya SI1, hazionyeshi chochote ukiziangalia bila lenzi. Ukilipia VVS1 unalipia uadimu, na hiyo ni haki yako kama pesa ipo. Lakini usidhani jiwe litang'aa zaidi. Mng'ao unatoka kwingine, na tutafika huko sasa hivi.

Kabla ya hapo, uliza pia kama jiwe limefanyiwa matibabu. Kuna almasi ambazo nyufa zake zimejazwa kitu kinachofanana na kioo ili zisionekane. Zinapendeza, lakini moto wa sonara unaweza kuharibu kile kilichojazwa siku utakapopeleka pete ipanuliwe. Bei yake inafaa kuwa ya chini, na wewe unafaa kuambiwa mapema.

Mkato: kazi ya mkono wa binadamu

Vipimo vitatu vya kwanza vinategemea sana kile jiwe lilikuja nacho kutoka ardhini. Mkato ni kazi ya fundi. Fundi akipima pembe vizuri, mwanga unaingia kwa juu, unagonga kuta za ndani, na kurudi kwa macho yako. Akikata jiwe likawa na kina kirefu mno au kifupi mno, mwanga unatorokea chini na pembeni, na jiwe linabaki na giza katikati hata kama ni D na FL.

Kwa nini basi fundi akate vibaya? Kwa sababu kukata vizuri hupoteza uzito, na uzito ni pesa. Mfano maarufu uko jirani hapa Tanzania. Mwaka wa 1947, katika mgodi wa Mwadui, Shinyanga, uliokuwa wa mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Williamson alimpa Princess Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Ilipomalizwa kukatwa, ilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya uzito iliachwa kwenye meza ya fundi ili kilichobaki kiwe kizuri vya kutosha kukaa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua.

Wapo wasioweza kuvumilia hasara hiyo. Wanaacha jiwe likiwa nene chini au kiunoni ili nambari ya karati ibaki juu. Wewe unalipia uzito uliojificha mahali ambapo hakuna anayeuona. Kwa almasi ya mviringo, ripoti ya GIA hutaja daraja la mkato: Excellent, Very Good, Good, Fair au Poor. Kama bajeti yako inabana, na ya nani haibani, usipunguze hapa. Shuka rangi hadi G, H au I, shuka usafi hadi VS2 au SI1 iliyo safi kwa macho, chukua uzito ulio chini kidogo ya nambari kamili, lakini mkato ubaki Excellent au Very Good.

Cheti na jiwe lazima vikutane

Herufi zote hizi ni maneno tu hadi mtu asiye na faida katika mauzo azithibitishe. Ndiyo maana kuna maabara huru. Ripoti ya maabara ina nambari yake, uzito hadi sehemu ya mia ya karati, vipimo kwa milimita, rangi, usafi, na mengineyo. Hakikisha mambo haya:

Andika mwenyewe anwani ya tovuti ya maabara kwenye simu yako, kisha ingiza nambari ya ripoti. Usibonyeze linki uliyotumiwa na muuzaji kwa WhatsApp. Kutengeneza tovuti bandia si kazi ngumu.

Linganisha ripoti na jiwe lililo mbele yako. Hapa pana mchezo unaotuumiza kichwa: cheti ni cha kweli kabisa, ila ni cha jiwe lingine. Almasi nyingi zilizopimwa huwa na nambari ya ripoti iliyochongwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe. Ni ndogo sana, haionekani bila kikuzaji. Omba lenzi, omba uonyeshwe, soma tarakimu moja moja.

Angalia ni nani aliyeandika. Karatasi iliyochapishwa na duka lenyewe ni maneno ya muuzaji yakiwa yamevaa suti. Karatasi ya kukadiria thamani kwa ajili ya bima nayo ni kitu tofauti. Na kama utaonyeshwa cheti cha Kimberley, mpango huo ulioanza mwaka wa 2003 unahusu almasi ghafi zinapovuka mipaka, ili zisifadhili vita vya waasi. Hausemi lolote kuhusu rangi wala usafi wa jiwe la pete yako.

Maabara, moisanaiti na zirkonia

Siku hizi almasi pia hutengenezwa kwenye maabara. Hizi ni almasi kweli: ni kaboni, zina ugumu uleule, na macho hayawezi kuzitofautisha na za ardhini. Bei yake ni ya chini sana, na imekuwa ikishuka. Hakuna aibu kuinunua. Kosa ni kuuziwa ya maabara kwa bei ya asilia. Ripoti yake huandikwa wazi kwamba ilitengenezwa maabara, kwa hivyo soma mstari huo kwanza kabla hujafika kwenye herufi.

Moisanaiti na zirkonia ni mawe mengine kabisa yanayofanana na almasi. Yanapendeza, na pete ya moisanaiti iliyonunuliwa kwa jina lake na bei yake ni chaguo zuri tu. Lakini usiyaamini majaribio ya mtaani. Kukwaruza kioo? Mawe mengi huweza, na unaweza kuharibu pete yako. Kulipulizia pumzi uone kama ukungu unatoka haraka? Moisanaiti pia hupitisha joto vizuri. Hata ile kalamu ya kupima joto ambayo wauzaji wengine hutoa kwa madaha inaweza kuipitisha moisanaiti kama almasi, na haiwezi kabisa kutofautisha almasi ya maabara na ya ardhini. Kazi hiyo inahitaji vifaa vya mpimaji aliyesomea.

Sasa tuje kwa malipo

Hapa ndipo sisi tunaingia. Pesa za miezi kumi na moja zisiondoke kwa sekunde kumi.

Lipa arbuni kwanza, si bei yote. Kubaliana kwa maandishi kwamba salio utalilipa baada ya kuona nambari kwenye jiwe ikilingana na ripoti, na uandike kinachotokea zisipolingana. Ujumbe wa WhatsApp ni bora kuliko ahadi ya mdomo, na karatasi iliyotiwa sahihi ni bora kuliko zote mbili.

Lipa kwa till au paybill ya biashara. Jina la biashara litatokea kabla hujaweka PIN. Lisome. Likiwa halifanani na jina lililo mlangoni, simama na uulize. Muuzaji akikuambia "tuma tu kwa namba yangu, till ina shida leo", mwambie utarudi till ikipona.

Angalia kikomo chako cha muamala na cha siku mapema. Pete ya bei kubwa inaweza kuhitaji malipo zaidi ya moja, na hutaki kugundua hilo ukiwa umesimama kwenye kaunta. Ukilipa mara mbili au tatu, kila malipo yawe na risiti yake.

Dai risiti ya eTIMS yenye maelezo kamili. "Pete 1" haitoshi. Iandikwe: almasi asilia au ya maabara, karati za jiwe la katikati, rangi, usafi, nambari ya ripoti, na dhahabu ni ya karati ngapi. Mali bila daftari huisha bila habari. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inakataza mtu kukuuzia bidhaa akidai ni ya daraja ambalo si lake, lakini ili uitumie unahitaji ushahidi wa alichodai. Ujumbe wetu utaonyesha ulilipa. Risiti itaonyesha ulilipia nini. Viweke pamoja, na upige picha ya risiti kabla wino haujafifia.

Usimpe mtu yeyote PIN yako, hata kama anakusaidia "kuharakisha". Sisi wenyewe hatutawahi kukuuliza.

Na jambo moja la mwisho kuhusu pesa, kwa sababu tunaulizwa: pete si akaunti ya akiba. Ukiirudisha sokoni, mara nyingi utapewa kiasi kidogo kuliko ulicholipa, kwa sababu bei ya dukani ina faida ya muuzaji, kodi na kazi ya sonara ndani yake. Inunue kwa sababu unampenda mtu. Akiba iweke mahali pa akiba.

Turudi kwa yule kijana wetu. Bado yuko dukani, taa bado zinamulika, muuzaji amesema "nusu karati, G, VS1". Safari hii anauliza: hiyo nusu ni ya jiwe moja au ni jumla? Mkato ni wa daraja gani? Ripoti ni ya nani, na nambari iko wapi kwenye jiwe? Ni ya ardhini au ya maabara? Maswali manne, dakika tano. Akijibiwa vizuri, na anachoambiwa kikilingana na anachokiona kwenye lenzi, sawa basi. Aweke PIN. Sisi tutamtumia ujumbe, na tunamtakia jibu la ndiyo.